Emil Theodor Kocher

Emil Theodor Kocher (Bern, 25 Agosti 1841 – Bern, 27 Julai 1917) alikuwa daktari mpasuaji na profesa wa tiba kutoka nchini Uswisi. Anajulikana hasa kwa kazi yake kuhusu tezi ya thairoidi, yaani tezi dundumio iliyoko mbele ya shingo. Mwaka 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake juu ya kazi, magonjwa na upasuaji wa tezi hiyo. Alikuwa mpasuaji wa kwanza kupata tuzo hiyo, na Mswisi wa kwanza kuipata katika fani ya tiba.

Kocher aliugeuza upasuaji wa rovu (goita), ambao zamani uliua wagonjwa wengi, ukawa upasuaji wa kawaida usio na hatari kubwa. Lakini ustadi wake huohuo uliwaletea baadhi ya wagonjwa wake ugonjwa mpya ambao yeye mwenyewe hakuuelewa kwa miaka tisa. Alipoutambua aliutangaza hadharani mbele ya madaktari wenzake, na kutokana na tangazo hilo wataalamu walianza kujua tezi ya thairoidi ina kazi gani mwilini.

Maisha ya awali

Kocher alizaliwa mjini Bern. Baba yake, Jakob Alexander Kocher, alikuwa mhandisi. Mama yake, Maria Wermuth, alikuwa muumini wa Kanisa la Moravian, kanisa ambalo wasomaji wa Mbeya na Tabora wanalifahamu vizuri kutokana na wamisionari wake waliofika katika sehemu hizo. Malezi ya mama yake yalimwachia Kocher imani thabiti na tabia ya kuishi kwa kiasi, na mambo hayo hakuyaacha maisha yake yote.

Sehemu ya utoto wake ilipita katika mji wa Burgdorf, ambako baba yake alikuwa na kazi. Baadaye alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Bern na kuhitimu mwaka 1865. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu matibabu ya homa ya mapafu.

Safari za masomo

Baada ya kuhitimu, Kocher alisafiri kwenda kujionea kazi za wapasuaji mashuhuri wa Ulaya. Katika Zürich alimwona Theodor Billroth, na katika Berlin alimwona Bernhard von Langenbeck. Alifika pia London na Paris. Kule London alivutiwa na Spencer Wells, aliyekuwa akiwafanyia wanawake upasuaji wa tumbo kwa usafi na utulivu mkubwa, na wagonjwa wake wengi wakapona.

Siku zile wapasuaji wengi bado walisifiwa kwa wepesi wa mikono. Kabla ya dawa ya usingizi kugunduliwa, mpasuaji mwepesi alikuwa amempunguzia mgonjwa mateso, kwa hiyo sifa ya haraka ilibaki hata baada ya dawa hiyo kupatikana. Kocher alichagua njia nyingine. Alipasua polepole, akaufunga kila mshipa wa damu kabla ya kusonga mbele, wala hakukata kitu ambacho hakukiona vizuri. Tena alikuwa miongoni mwa wapasuaji waliopokea mapema mafundisho ya Joseph Lister kuhusu kuzuia vijidudu kuingia katika kidonda.

Profesa wa Bern

Aliporudi nyumbani, Kocher alifundisha chuoni na kuwa msaidizi wa profesa wa upasuaji, Georg Lücke. Mwaka 1869 alimwoa Maria Witschi, wakajaliwa watoto watatu wa kiume. Mmoja wao, Albert, alikuja kuwa mpasuaji na kumsaidia baba yake kazini.

Mwaka 1870 Kocher alitangaza njia mpya ya kurudisha bega lililoteguka. Njia hiyo haikuhitaji nguvu nyingi: mkono wa mgonjwa ulikunjwa na kuzungushwa kwa hatua zilizopangwa, mpaka mfupa ukarudi mahali pake. Jina lake likaanza kujulikana nje ya Uswisi.

Mwaka 1872 Lücke alihamia Chuo Kikuu cha Strasbourg, na nafasi yake ikawa wazi. Serikali ya jimbo la Bern ilimteua Kocher kuwa profesa na mkuu wa idara ya upasuaji katika hospitali ya Inselspital, ingawa alikuwa na miaka 30 tu. Aliendelea na kazi hiyo kwa miaka 45 hadi kufa kwake. Vyuo vikuu vya nje vilimwita mara kadhaa, lakini alibaki Bern.

Rovu katika milima ya Uswisi

Ili kuelewa kazi ya Kocher ni lazima kwanza kujua hali ya nchi yake wakati huo. Tezi ya thairoidi hutengeneza homoni kwa kutumia iodini, ambayo kwetu huitwa pia madini joto. Katika nchi za milima mirefu, barafu na mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo. Chakula kinachopandwa huko hakina iodini ya kutosha, na tezi inayokosa madini hayo huvimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Katika jimbo la Bern rovu lilikuwa jambo la kila siku. Kocher alichunguza jinsi lilivyoenea jimboni, akachapisha matokeo yake mwaka 1889. Kwa watu wengi rovu lilikuwa dogo, lisilowaletea shida. Kwa wengine lilikua hadi kulibana bomba la hewa, na mgonjwa akapumua kwa tabu, hasa usiku. Wapo waliokufa kwa kukosa pumzi. Hao ndio waliokuja kwa mpasuaji, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine.

Hata hivyo wapasuaji wenyewe waliogopa. Tezi ya thairoidi ina mishipa mingi ya damu kuliko viungo vingi vyenye ukubwa kama wake. Nyuma yake hupita neva zinazoendesha sauti. Aliyekata kwa pupa alimwua mgonjwa kwa kutokwa damu, au alimwacha bila sauti. Kama mgonjwa angeokoka siku ya kwanza, usaha na homa vingeweza kumwua baadaye. Katikati ya karne ya 19 Chuo cha Tiba cha Ufaransa kilipinga upasuaji huo. Billroth mwenyewe, alipokuwa Zürich katika miaka ya 1860, alipoteza takriban asilimia 40 ya wagonjwa wake wa rovu, akauacha upasuaji huo kwa miaka kadhaa.

Njia yake ya upasuaji

Kocher aliikabili kazi hiyo hatua kwa hatua. Alikata ngozi ya chini ya shingo kwa mstari uliopinda kama ukosi wa shati, hivyo kovu likafichika katika mikunjo ya ngozi. Aliitafuta mishipa mikubwa inayoingia kwenye tezi, akaifunga mmoja mmoja, ndipo akaitoa tezi. Kwa kazi hiyo alitengeneza koleo lenye meno madogo kwenye ncha, linaloushika mshipa au nyama bila kuteleza. Koleo hilo bado limo katika vyumba vya upasuaji duniani kote na linaitwa kwa jina lake.

Baadaye alipendelea kutumia ganzi ya kokaini shingoni badala ya kumlaza mgonjwa usingizi. Mgonjwa aliye macho anaweza kusemeshwa, na sauti yake ikibadilika, mpasuaji anajua kwamba ameikaribia neva ya sauti.

Matokeo yalionekana katika hesabu. Kufikia mwaka 1883 Kocher alikuwa amewapasua wagonjwa 101 wa rovu, na 13 kati yao walikufa. Kadiri usafi na ufundi wake ulivyoongezeka, vifo vilipungua mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa karne vilikuwa chini ya asilimia moja kwa rovu la kawaida. Mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa amefanya upasuaji wa tezi hiyo zaidi ya mara 5000.

Madhara yaliyofichika

Wakati huo hakuna aliyejua tezi ya thairoidi inafanya kazi gani. Wengine walidhani inaipa shingo umbo zuri, wengine kwamba inarekebisha damu inayokwenda kwenye ubongo, na wengine waliona haina kazi kabisa. Kwa hiyo Kocher aliona ni busara kuiondoa yote, ili rovu lisije likaota tena.

Mwanzoni mwa mwaka 1874 alimwondolea tezi yote msichana wa miaka 11. Upasuaji ulikwenda vizuri, kidonda kikapona, msichana akarudi kwao. Baadaye daktari aliyekuwa amempeleka kwa Kocher alileta habari kwamba mtoto huyo amebadilika: amekuwa mzito, mnyamavu, na hafanyi kazi mpaka asukumwe. Habari hiyo ilibaki bila kufuatiliwa. Hospitali za siku zile zilihesabu waliokufa na waliotoka wakiwa hai, na msichana huyu alikuwa amehesabiwa miongoni mwa waliopona.

Mwezi Septemba 1882 Kocher alikuwa Geneva kwenye mkutano. Huko alizungumza na mpasuaji Jacques-Louis Reverdin, aliyemweleza kwamba wagonjwa wake kadhaa walioondolewa tezi yote walidhoofika miezi michache baadaye. Maneno hayo yalimkumbusha Kocher habari za yule msichana. Aliamua kuwaandikia barua wagonjwa wake wote wa zamani aliowapasua rovu, akiwaomba waje Bern achunguze hali zao.

Wagonjwa waliokutwa

Waliokuwa wameondolewa sehemu tu ya tezi walifika wakiwa wazima. Kati ya walioondolewa tezi yote, 18 walifika kuchunguzwa, na kati yao 16 walikuwa wagonjwa. Walilalamika uchovu na uzito wa viungo. Walihisi baridi wakati wenzao hawaihisi. Nyuso zao zilikuwa zimevimba na kupauka, ngozi ilikuwa kavu, nywele zilikuwa zikikatika. Walizungumza polepole na kufikiri polepole, na wenyewe walijua kwamba akili haiendi kama zamani. Waliopasuliwa wakiwa watoto walikuwa wameacha kukua.

Msichana wa mwaka 1874 alikuwa miongoni mwao. Kabla ya upasuaji, yeye na mdogo wake walifanana hata watu wakawachanganya. Sasa mdogo alikuwa mwanamke kamili, na mkubwa alibaki na kimo cha mtoto, uso umevimba na akili imedumaa. Kocher aliichapisha picha ya ndugu hao wawili wakiwa pamoja.

Mwezi Aprili 1883 alisimama mbele ya mkutano wa Chama cha Wapasuaji wa Ujerumani mjini Berlin, akaeleza yote aliyoyaona. Ugonjwa huo aliupa jina la Kilatini cachexia strumipriva, maana yake kudhoofika kunakotokana na kuondolewa rovu. Alitangaza kwamba kuanzia hapo hataondoa tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida. Kwa rovu lenye saratani peke yake ndipo aliona hatua hiyo bado ina haki.

Tangazo hilo lina kasoro mbili ambazo wanahistoria wamezitaja. Kwanza, Kocher hakuielewa sababu: alifikiri bomba la hewa lililodhoofika baada ya upasuaji ndilo lililowakosesha wagonjwa hewa ya kutosha. Pili, Reverdin alikuwa amewaeleza madaktari wa Geneva jambo hilo tangu mwaka 1882, na kukawa na mabishano kuhusu nani aliyetangulia kuligundua. Leo wote wawili hutajwa pamoja.

Kazi ya tezi yajulikana

Habari za Berlin zilifika London. Mwaka huohuo daktari Felix Semon alitoa wazo kwamba ugonjwa wa Kocher, ugonjwa wa watu wazima uitwao miksedema, na ukretini wa watoto wa milimani vyote vina chanzo kimoja, nacho ni kukosa kazi ya tezi ya thairoidi. Wengi hawakukubali, lakini chama cha madaktari cha London kiliunda kamati ya kuchunguza. Victor Horsley aliwaondolea nyani tezi na kuona dalili zilezile. Katika Geneva, Moritz Schiff alifanya majaribio kwa mbwa. Mwaka 1888 kamati ilitoa taarifa iliyothibitisha wazo la Semon.

Kocher naye alitafuta dawa. Mwaka 1883 alijaribu kumpandikizia mgonjwa tishu ya tezi kutoka kwa mtu mwingine, jaribio ambalo wanahistoria wengine wanalihesabu kuwa mwanzo wa upandikizaji wa viungo katika tiba ya kisasa. Faida yake haikudumu, kwa kuwa mwili huikataa tishu ngeni, jambo ambalo siku zile halikujulikana.

Dawa ya kweli ilipatikana Uingereza mwaka 1891, George Murray alipomdunga mgonjwa wa miksedema maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo, na mgonjwa akapata nafuu. Mara ikaonekana kwamba hata kumeza tezi ya mnyama kunatosha. Mwaka 1895 mkemia wa Ujerumani Eugen Baumann aligundua kwamba tezi hiyo ina iodini, na mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall alifaulu kuitenga homoni yenyewe, thairoksini. Hivyo katika muda wa miaka 31 tangu mkutano wa Berlin, kiungo kilichodhaniwa hakina kazi kilikuwa kimejulikana kazi yake, ugonjwa wake na dawa yake.

Tofauti kati ya Kocher na Billroth ilifafanuliwa baadaye na mpasuaji wa Marekani William Halsted, aliyewahi kuwaona wote wawili wakifanya kazi. Wagonjwa wa Billroth mara nyingi walishikwa na kukakamaa kwa misuli, ilhali wa Kocher walipata miksedema. Halsted alieleza kwamba Billroth alifanya kazi kwa kasi, akaondoa pia tezi ndogo za parathairoidi zinazotunza kalisi ya damu, huku akibakiza vipande vya thairoidi. Kocher alikuwa makini: alivihifadhi vilivyo nje ya thairoidi, na thairoidi yenyewe akaimaliza yote.

Saratani ya tezi

Uvimbe wa shingo si rovu la kawaida kila mara. Mjini Bern Kocher alikutana pia na saratani za tezi, na mtaalamu wa magonjwa Theodor Langhans, aliyekuwa profesa katika chuo hichohicho, alizichunguza kwa hadubini na mwaka 1907 akaeleza aina zake. Wakati huo mara nyingi uvimbe ulijulikana kuwa saratani ulipokwisha kukua sana.

Saratani inayokutwa katika thairoidi inaweza kuwa imeanzia humo humo, au imetoka kwenye kiungo kingine na kuletwa na damu. Saratani zinazojulikana zaidi kwa kuenea hadi kwenye tezi hii ni za figo, mapafu, matiti na utumbo mpana, pamoja na saratani ya ngozi aina ya melanoma. Ile ya figo huweza kujitokeza shingoni miaka 10 au zaidi baada ya figo lenye ugonjwa kuondolewa, wakati mgonjwa anaamini kwamba amekwisha kupona. Kwa sababu hiyo daktari anayemwona mtu mwenye uvimbe mpya wa shingo humwuliza kama aliwahi kuugua saratani yoyote, hata ya zamani sana.

Siku hizi uvimbe huangaliwa kwanza kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani altrasaundi. Halafu seli hutolewa kwa sindano nyembamba na kutazamwa kwa hadubini, na pengine kipande kikubwa zaidi cha tishu huhitajika. Seli hupakwa rangi maalumu zinazoonyesha protini zake. Nyingi za saratani zilizoanzia kwenye thairoidi huonyesha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi hiyo peke yake, na zile zilizotoka kwenye figo au utumbo hazina. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa aina nyingi za saratani ya thairoidi hutibika kwa iodini yenye mionzi, ambayo seli zake huifyonza. Saratani iliyotoka kwingine haifyonzi iodini, hivyo matibabu hayo hayaisaidii.

Kama saratani imefika kwenye thairoidi peke yake na chanzo chake kimedhibitiwa, upasuaji wa kuondoa nusu ya tezi au tezi yote unaweza kumwongezea mgonjwa muda wa kuishi, hasa kwa saratani ya figo. Kama imeenea sehemu nyingi za mwili, dawa zinazopita katika damu ndizo hutegemewa, na upasuaji hufanywa pale tu mgonjwa anapobanwa pumzi. Katika hali zote mpasuaji hufuata misingi ileile ya Kocher: kufunga mishipa, kuitafuta neva ya sauti, kuzihifadhi parathairoidi. Tofauti ni kwamba mgonjwa aliyeondolewa tezi yote leo hupewa vidonge vya homoni avimeze kila siku maisha yake yote, naye huendelea na shughuli zake. Msichana wa mwaka 1874 hakuwa na vidonge hivyo.

Kazi nyingine

Ingawa hutajwa zaidi kwa habari ya thairoidi, Kocher alifanya kazi katika karibu kila tawi la upasuaji. Alichunguza majeraha ya risasi na jinsi risasi inavyoharibu mwili. Aliandika kuhusu ngiri, tumbo, mifupa, uti wa mgongo na ubongo. Mkato unaofuata ukingo wa mbavu upande wa kulia, wa kufikia kifuko cha nyongo, unaitwa kwa jina lake. Vivyo hivyo njia ya kuliinua duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ili mpasuaji aone yaliyo nyuma yake.

Kitabu chake cha kufundishia upasuaji kilitoka mara ya kwanza mwaka 1892, kikachapishwa tena na tena kwa matoleo mapya na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Pamoja na mtaalamu wa bakteria Ernst Tavel aliandika pia juu ya maambukizi ya vidonda.

Kuhusu iodini Kocher alikuwa na tahadhari. Mwaka 1910 aliandika kuhusu wagonjwa wa rovu ambao, baada ya kupewa iodini, tezi yao ilianza kufanya kazi kupita kiasi, mapigo ya moyo yakaenda mbio na mwili ukakonda. Hatari hiyo ipo kweli, hasa kwa watu wazima wenye rovu la muda mrefu waliopewa dozi kubwa.

Wanafunzi na wagonjwa

Madaktari wa nchi nyingi walikwenda Bern kumwona akifanya kazi. Miongoni mwa wanafunzi wake Waswisi walikuwapo César Roux na Fritz de Quervain, ambaye alimrithi. Mmarekani Harvey Cushing, aliyekuja kuwa mwanzilishi wa upasuaji wa ubongo nchini kwake, alikaa Bern majira ya baridi ya mwaka 1900 hadi 1901. Huko, chini ya Kocher na mwanafiziolojia Hugo Kronecker, alichunguza jinsi msukumo wa damu unavyopanda ubongo unapobanwa.

Wagonjwa nao walitoka mbali. Mwaka 1913 Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, alipasuliwa na Kocher kwa ugonjwa wa thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Alipasuliwa bila kulazwa usingizi.

Tuzo na miaka ya mwisho

Mwaka 1902 Kocher alikuwa rais wa Chama cha Wapasuaji wa Ujerumani, na mwaka 1905 aliongoza mkutano wa kwanza wa Shirika la Kimataifa la Upasuaji mjini Brussels. Mwaka 1909 alikwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1912, alipotimiza miaka 40 ya uprofesa, alikitolea Chuo Kikuu cha Bern faranga 200,000 kwa ajili ya utafiti. Taasisi iliyotokana na fedha hizo sasa inaitwa Taasisi ya Theodor Kocher. Aliendelea kufundisha na kupasua hata katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alifariki mjini Bern tarehe 27 Julai 1917, akiwa na miaka 75.

Urithi

Mjini Bern ipo bustani na ipo pia barabara yenye jina lake. Kasoko moja mwezini inaitwa Kocher, na asteroidi iliyogunduliwa karibu na Bern mwaka 1975 ilipewa jina Kochera.

Miaka mitano baada ya kifo chake, yaani mwaka 1922, jimbo la Appenzell Ausserrhoden nchini Uswisi lilianza kuuza chumvi iliyotiwa iodini kidogo, kwa juhudi za daktari Hans Eggenberger. Dozi ilikuwa ndogo kiasi cha kutoleta hatari ambayo Kocher aliionya. Watoto waliozaliwa baada ya hapo walikua bila rovu, na upasuaji ambao Kocher aliufanya maelfu ya mara ukawa wa nadra katika nchi yake. Utaratibu huohuo ulienea duniani. Katika nyanda za juu za Tanzania, ambako rovu lilikuwa limeenea vilevile, chumvi yenye madini joto ndiyo kinga inayotumika hadi leo.

Kwa wanafunzi wa tiba, maisha ya Kocher yanakumbukwa pia kwa sababu nyingine. Katika hesabu za hospitali, wagonjwa 16 aliowakuta wamedhoofika mwaka 1883 walikuwa wameandikwa kuwa wamepona. Ukweli ulijulikana kwa kuwa mpasuaji wao aliwaita tena na kuwatazama. Tangu hapo kumfuatilia mgonjwa baada ya kutoka hospitalini kumehesabiwa kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe.